Kumalizia nyumbani si dawa ya yaliyowakuta Liverpool

UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, wamegusa tena kanuni za Ligi ya Mabingwa Ulaya. Kuanzia msimu wa 2025/26, timu nne zinazoongoza msimamo wa hatua ya ligi, zile mechi nane za mwanzo, zina haki ya kucheza marudiano ya robo fainali kwenye uwanja wao, na mbili za juu kabisa zinabeba haki hiyo hadi nusu fainali. Msimu wa 2024/25, uliokuwa wa kwanza kwa mfumo huu wa timu 36, jambo hilo liliachiwa droo: kuanzia robo fainali, nani aanzie nyumbani na nani amalizie nyumbani ilikuwa bahati yako. Mabadiliko yamepokewa vizuri karibu kila kona, na sababu inayotajwa ni ile ile. Liverpool waliongoza wenzao 35, kisha wakatolewa na timu iliyoshika nafasi ya 15. Arsenal na Barcelona walimaliza juu, bado wakalazimika kumalizia ugenini. Na Paris Saint-Germain (PSG), hao hao wa nafasi ya 15, wakabeba ndoo mjini Munich tarehe 31 Mei 2025 kwa kuwachapa Inter mabao 5-0. Kama wa 15 anaweza kuwa bingwa, watu wanauliza, zile mechi nane za kuanzia Septemba hadi Januari zilikuwa za nini? Basi UEFA wamefanya vyema kuupa msimamo meno.

Mimi naona msimu ule umesomwa vibaya, na kanuni iliyotokana na usomaji huo inatibu ugonjwa ambao haukuwapo. Ukiupitia mechi kwa mechi, msimamo ulipima ubora vizuri kuliko tunavyoukubali. Kumalizia nyumbani, zawadi ambayo sasa inagawiwa kama lulu, kulikuwa na thamani ndogo mno. Na kilichowabeba PSG hakihusiani na nani alianzia wapi. Kilikuwa ni Januari, mwezi ambao mfumo wa zamani usingewapa kabisa, na hakuna aliyeugusa wakati wa kurekebisha kanuni.

Tukumbushane kwanza mambo yalivyo. Hadi msimu wa 2023/24 mashindano yalikuwa na timu 32 katika makundi manane. Kila timu ilicheza mechi sita, wawili wa juu wakaenda 16 bora, wa tatu akateremka Europa League, mashindano ya daraja la pili ya Ulaya, wa nne akarudi kwao. Sasa zote 36 zipo kwenye msimamo mmoja, kila moja inacheza na wapinzani wanane tofauti, wawili kutoka kila chungu kati ya vyungu vinne vya droo, mechi nne nyumbani na nne ugenini. Nane za juu zinakwenda moja kwa moja 16 bora. Wa 9 hadi wa 24 wanacheza mchujo wa mechi mbili kutafuta nafasi nane zilizobaki. Wa 25 kushuka chini safari imekwisha. Mechi za mashindano zimepanda kutoka 125 hadi 189, na anayesema fedha ndiyo iliyoleta haya yote hajakosea: kila klabu ilipata euro milioni 18.62 kwa kuingia tu, na kila ushindi wa hatua ya ligi ukalipwa euro milioni 2.1. Slovan Bratislava na Young Boys walifungwa mechi zote nane na bado fungu lao la kuingia walilichukua. Lakini nia ya aliyetunga mashindano ni jambo moja, na namna mashindano yanavyopima timu ni jambo jingine. Watu wengi wanalichukia la kwanza halafu wanadhani wamelijibu la pili.

Hapo ndipo inapoanzia hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayosikika zaidi: kwamba mfumo huu umejengwa ili vigogo wasianguke. Timu 24 kati ya 36 zinapita, utaambiwa, kigogo gani atashindwa kuwa wa 24? Kwa haraka inaonekana kweli. Hesabu vizuri. Katika mfumo wa zamani timu 16 ziliingia mtoano na nyingine nane zilizoshika nafasi ya tatu zikateremka Europa League, maana yake 24 kati ya 32 ziliendelea kucheza Ulaya baada ya Krismasi. Zilizofunga virago moja kwa moja zilikuwa nane tu. Sasa ni 12, na hakuna pa kuteremkia. Ule mkeka laini uliokuwa umetandikwa chini ya vigogo wanaoteleza umeondolewa. RB Leipzig, klabu isiyolia njaa, walimaliza wa 32 kwa pointi 3 na mwaka wao wa Ulaya ukaishia pale. Manchester City, mabingwa wa 2023, walikwenda mapumziko ya mechi ya mwisho wakiwa nyuma 1-0 nyumbani kwao dhidi ya Club Brugge, na kama matokeo yangebaki hivyo wangekuwa nje. Walishinda 3-1 wakaingia wa 22. Usiku huo wa tarehe 29 Januari 2025 mechi zote 18 zilichezwa kwa wakati mmoja, kwetu huku ikiwa saa tano usiku, na kwenye vibanda umiza hakuna aliyejua akodolee macho skrini ipi.

Ninaowahurumia kwa kweli ni Dinamo Zagreb, kwa sababu kisa chao kinaonyesha jinsi msimamo mmoja unavyokumbuka kila kitu. Mechi yao ya kwanza, Septemba, walipigwa 9-2 na Bayern, Harry Kane akifunga manne, matatu kwa penalti. Kwenye kundi la timu nne kipigo cha namna hiyo unaweza kukisahau. Ukishinda mechi zako nyingine mabao hayo hayakuumi sana. Dinamo walijikusanya, wakashinda tatu, wakatoka sare mbili, na usiku wa mwisho wakawafunga Milan 2-1. Pointi 11, sawasawa na Brugge waliokuwa nafasi ya 24. Tofauti ya mabao ya Brugge ilikuwa hasi 4, ya Dinamo hasi 7. Brugge wakapita, Dinamo wakabaki wa 25. Mechi iliyochezwa Septemba ndiyo iliyowatoa Januari. Mtu anayeuita msimamo huo mazoezi akawaeleze watu wa Zagreb.

Sasa tuje kwenye msimamo wenyewe. Nne za juu zilikuwa Liverpool kwa pointi 21, kisha Barcelona, Arsenal na Inter, wote wakiwa na 19. Timu nne zilizotinga nusu fainali zilikuwa Barcelona, Arsenal, Inter na PSG. Yaani wa pili, wa tatu na wa nne wote walifika, na wa kwanza alitolewa kwa mikwaju ya penalti na timu iliyokuja kuwa bingwa. Kuna mashindano mangapi ya mtoano duniani ambayo mechi za mwanzo zinakutajia nusu fainali kwa usahihi wa namna hiyo? PSG walikuwa timu moja iliyotoka nje ya mstari, na kwa sababu timu hiyo moja ndiyo iliyonyanyua kombe, tukaifanya kipimo cha msimu mzima. Ukiwaondoa wao, 2024/25 ulikuwa msimu wa kutabirika kuliko watu wanavyokumbuka. Mpenzi wa mikeka aliyeufuata msimamo bila ushabiki hakuchaniwa sana.

Turudi kwa Liverpool, ambao machozi yao ndiyo yaliyozaa gumzo lote hili. Tarehe 5 Machi mjini Paris walizidiwa tangu filimbi ya kwanza. PSG walipiga mashuti 27, kipa wa Liverpool, Alisson, akaokoa tisa, na dakika ya 87 Harvey Elliott, aliyekuwa ameingia punde tu, akafunga bao lililoonekana kama wizi wa mchana. Wiki iliyofuata Ousmane Dembélé akasawazisha hesabu dakika ya 12, mchezo ukaenda hadi matuta, kipa wa PSG, Gianluigi Donnarumma, akaokoa mikwaju ya Darwin Núñez na Curtis Jones, PSG wakapita 4-1. Marudiano hayo yalichezwa wapi? Anfield, kwao Liverpool. Kanuni ya 16 bora tayari iliwapa nane za juu haki ya kumalizia nyumbani. Liverpool walikuwa na zawadi yote ambayo sasa tunaambiwa ingewaokoa, wakaifungua mbele ya mashabiki wao, na haikuwa na kitu ndani.

Nao hawakuwa peke yao. Katika 16 bora timu zote nane za juu zilimalizia nyumbani. Barcelona, Arsenal, Inter na Aston Villa walipita. Liverpool, Atlético Madrid, Leverkusen na Lille walitolewa wakiwa kwao: Atlético kwa penalti na Real Madrid, Leverkusen kwa kufungwa 2-0 na Bayern, Lille kwa kufungwa 2-1 na Dortmund. Nne kwa nne. Robo fainali ndiyo kichekesho zaidi. Waliomalizia nyumbani walikuwa Real Madrid, Aston Villa, Dortmund na Inter, na aliyepita ni Inter peke yake. Villa waliwafunga PSG 3-2 na Dortmund wakawafunga Barcelona 3-1, usiku mzuri kwa waliokuwa uwanjani, lakini kazi ilikuwa imeshaharibika wiki moja kabla. Bernabéu, uwanja wa Real Madrid ambao tumeimbiwa kwa miaka kwamba hakuna anayetoka salama, Arsenal walifika na mtaji wa 3-0 wakashinda tena 2-1. Nusu fainali waliomalizia nyumbani, PSG na Inter, walipita wote wawili. Jumlisha: mikutano 14 ya mikondo miwili kuanzia 16 bora, aliyemalizia nyumbani alipita mara saba. Ungerusha shilingi ungepata jibu hilo hilo.

Najua msimu mmoja si sayansi, na mikutano 14 ni michache. Inawezekana pia kwamba timu dhaifu zilimalizia nyumbani robo fainali na ubora ndio uliozitoa. Sawa. Lakini kanuni imebadilishwa kwa ushahidi wa msimu huo huo mmoja, na ushahidi wenyewe hauungi mkono mabadiliko. Tangu bao la ugenini liondolewe kwenye hesabu ya mtoano mwaka 2021, faida kubwa iliyobaki ya kumalizia nyumbani ni muda wa nyongeza na penalti mbele ya watu wako. Liverpool walipata vyote viwili, na nani asiyejua kilichotokea?

Kuna jambo jingine ndani ya kanuni hii ambalo wanaoishangilia hawalitaji. Timu ya juu ikitolewa, aliyeitoa anarithi nafasi yake kwenye mpangilio, pamoja na haki ya kumalizia nyumbani. Sasa chukua kanuni ya 2025/26 uirudishe nyuma mwaka mmoja. PSG wanawatoa Liverpool, na papo hapo wanakuwa namba moja. Robo fainali dhidi ya Aston Villa, ambayo kwa kweli walimalizia Birmingham wakiwa wamebanwa ukutani hadi jumla ikasomeka 5-4, wangeimalizia Paris. Nusu fainali dhidi ya Arsenal waliimalizia Paris hata hivyo. Kanuni iliyotungwa ili wa 15 asipite kirahisi ingempa wa 15 njia nyepesi zaidi ya ile aliyoipitia. Kwa kila anayesema imekuja kuwatendea haki Liverpool, hapo ndipo pa kumuuliza imewapa nini.

Hoja nzito ya upande wa pili ni ya Barcelona, na sitaki kuipita kwa haraka kwa sababu inauma. Walimaliza wa pili. Robo fainali wakamalizia Dortmund, nusu fainali wakamalizia Milan. Arsenal, wa tatu, wakamalizia Madrid kisha Paris. Inter, wa nne, walimalizia San Siro, kwao, mara zote mbili. Hiyo ni bahati ya droo tupu, na nusu fainali ya Inter na Barcelona haikuwa na nafasi hata ya unywele: 3-3 Hispania, halafu tarehe 6 Mei mjini Milan, Barcelona wakatoka nyuma 2-0 wakaongoza 3-2 kwa bao la Raphinha dakika ya 87, Francesco Acerbi, beki wa kati wa Inter aliyekuwa na umri wa miaka 37, akasawazisha dakika za lala salama, na Davide Frattesi akamaliza kwenye muda wa nyongeza. Jumla 7-6. Kwenye mkutano wa namna hiyo dakika 30 za ziada mbele ya mashabiki wa nani si jambo dogo, na siwezi kumwambia shabiki wa Barcelona kwamba Montjuïc, uwanja waliokuwa wakiutumia, isingebadilisha kitu. Mashabiki wa Simba wanaijua hadithi hii kwa upande wa pili. Mei hiyo hiyo timu yao ilifungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikawa na marudiano nyumbani, yaliyohamishwa kutoka Dar es Salaam hadi New Amaan, Zanzibar, na yakaisha 1-1. Nyumbani kunasaidia. Hakufuti mabao mawili.

Kwa hiyo ninachokubali ni hiki: kuondoa droo katika suala la nani amalizie nyumbani ni usafi mzuri wa kanuni. Ninachokataa ni kuuita jibu la PSG.

Jibu la PSG lipo kwenye kalenda. Kylian Mbappé aliondoka bure kwenda Real Madrid majira ya joto ya 2024, na kocha Luis Enrique akaanza kujenga timu isiyo na mfalme. Ujenzi huo ulichukua muda na ulikuwa na sura mbaya. Waliwafunga Girona 1-0 kwa bao la kujifunga la kipa dakika ya 90. Wakafungwa 2-0 na Arsenal, wakatoka sare na PSV nyumbani, wakafungwa nyumbani na Atlético kwa bao la sekunde za mwisho, wakafungwa 1-0 na Bayern. Mechi tano, pointi 4. Baada ya kuwafunga Salzburg 3-0 tarehe 10 Desemba walikuwa na mechi sita na pointi 7. Simama hapo hapo, kwa sababu mechi sita ndizo zilizokuwa hatua nzima ya makundi katika mfumo wa zamani. Msimu mmoja tu nyuma, kwenye kundi la PSG wenyewe, Milan walikuwa na pointi 8 na zikawatosha kwa nafasi ya tatu tu na tiketi ya Europa League. Huwezi kulinganisha moja kwa moja, wapinzani wangekuwa wengine na mechi zingekuwa za nyumbani na ugenini, lakini timu iliyocheza soka lile hadi Desemba ingekuwa na Februari ya Alhamisi, siku ya Europa League, si ya Jumanne ya Ligi ya Mabingwa.

Badala yake walikuwa na mechi mbili zaidi. Tarehe 22 Januari Manchester City walikuja Parc des Princes, uwanja wa PSG. Mvua ilikuwa inanyesha. Jack Grealish akafunga dakika ya 50, Erling Haaland dakika ya 53, na kwa matokeo yale PSG walikuwa nje ya 24 huku ikibaki mechi moja. Dakika tatu baadaye Dembélé akafunga, dakika nne tena Bradley Barcola, kisha João Neves kwa kichwa, kisha Gonçalo Ramos mwishoni kabisa. 4-2. Aliyeiangalia nusu saa ile anajua kwamba bingwa alizaliwa pale. Presha ilikuwa inaanzia kwa Dembélé, mshambuliaji wa mwisho asiyekaa mwisho, na City hawakuweza hata kutoa mpira golini kwao. Wiki iliyofuata wakawapiga Stuttgart 4-1 ugenini, wakamaliza wa 15, wakawatandika Brest 10-0 kwa jumla kwenye mchujo. Brest nao wana yao: klabu iliyokuwa Ulaya kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikichezea mechi za nyumbani Guingamp kwa sababu uwanja wake haukukidhi masharti ya UEFA, ilimaliza na pointi 13, sawasawa na PSG.

Na kati ya Januari na Februari kuna dirisha dogo. Kanuni zinaruhusu klabu kusajili wachezaji watatu wapya kwa ajili ya mtoano. PSG walimwingiza Khvicha Kvaratskhelia kutoka Napoli, na ndiye aliyefunga bao la nne kwenye fainali. Dirisha hilo lilikuwapo zamani pia, na aliyepita makundi Desemba alilitumia. Kilichobadilika ni kwamba sasa hata timu iliyoshindwa hadi Desemba inaweza kulifikia ikiwa hai. Muda huu haugawanywi sawa. PSG walikuwa wanatembea kwenye ligi yao. Walitwaa ubingwa wa Ufaransa tarehe 5 Aprili zikiwa zimebaki mechi sita, na kocha ambaye hapumuliwi shingoni nyumbani anaweza kujaribu vitu vyake kwa miezi mitano bila kufukuzwa. Usiniambie basi kwamba fedha pekee ndizo zilizofanya kazi. City walimwaga fedha nyingi zaidi dirisha hilo hilo, wakamleta Omar Marmoush na wenzake, na Real Madrid wakawatoa kwenye mchujo, 3-2 na 3-1, Mbappé akipiga matatu marudiano. Muda unamfaa yule aliyekuwa anajenga kitu. Aliyekuwa anabomoka unamchelewesha tu.

Kwa hiyo anayetaka mtu wa namna ya PSG asitokee tena ana njia moja ya kweli, nayo ni kurudisha ukatili wa Desemba: mechi sita, makundi, umekosea umekwenda. Hakuna atakayefanya hivyo, na sidhani kama ingekuwa vizuri, maana timu bora ya Ulaya ya mwaka 2025 tusingeiona. Mfumo unaokupa hadi mwisho wa Januari unakuletea bingwa wa Mei badala ya bingwa wa Novemba. Liverpool walikuwa bingwa wa Novemba, walimfunga kila mtu, na mechi ya mwisho wakapeleka kikosi cha akiba kwa PSV wakafungwa 3-2 bila kupoteza nafasi ya kwanza. Hakuna aliyewadhulumu.

Kuna dhuluma ndogo lakini ya kweli, na kanuni mpya inaikuza. Wapinzani wanane wa kila timu si sawa na wanane wa mwenzake. Nimejumlisha pointi ambazo wapinzani wa kila mmoja walimaliza nazo. Wapinzani wa PSG walikusanya pointi 93, wa Arsenal 92, wa Barcelona 90, wa Liverpool 88. Halafu kuna mteremko: wa Inter 72, wa Atlético Madrid, waliomaliza wa tano, 68. Mtu wa PSG atachukua namba hiyo ya 93 aseme timu yake ilionewa na droo, na wapo wanaosema hivyo, lakini namba inamdanganya. Wapinzani walikuwa na pointi nyingi kwa sababu PSG wenyewe waliwagawia. Ukiondoa pointi ambazo kila timu iliwapa wapinzani wake, Arsenal wanabaki na 88, Barcelona 86, Liverpool 85, PSG 83. Inter wanabaki na 68 na Atlético 62. Ratiba ngumu haikuwa kisingizio cha PSG kushika nafasi ya 15. Lakini nafasi ya nne ya Inter na ya tano ya Atlético zilipatikana kwenye barabara laini kuliko ya wenzao.

Msimu wa 2024/25 hilo lilikuwa la kubishania vijiweni, kwa sababu kati ya wa pili na wa nane hapakuwa na tofauti kubwa ya malipo uwanjani. Wote walikwenda 16 bora, wote walimalizia nyumbani, baada ya hapo droo. Sasa kati ya wa nne na wa tano kuna ukuta, na kati ya wa pili na wa tatu kuna mwingine. Atlético wangetoka sare tu na Benfica au na Lille, waliowafunga, wangewaruka Inter na kuchukua haki ya kumalizia robo fainali Madrid, kwa orodha ya wapinzani nyepesi kuliko zote sita nilizozihesabu. Barcelona na Arsenal walimaliza na pointi 19 kila mmoja, wakatenganishwa kwa mabao, na kwa kanuni mpya pengo hilo ndilo lingeamua nani ana haki ya nusu fainali nyumbani. Tutarajie Januari ambayo timu iliyokwishafuzu inatafuta bao la sita dhidi ya timu iliyokwishatolewa, na kocha anayemwacha nyota wake uwanjani hadi dakika ya 90 akiwa anaongoza 4-0.

Kifaa cha kurekebisha hilo UEFA wanacho tayari ndani ya kitabu chao. Timu zikilingana pointi, kigezo cha sita cha kuzitenganisha, baada ya tofauti ya mabao, mabao ya kufunga, mabao ya ugenini, ushindi na ushindi wa ugenini, ni jumla ya pointi za wapinzani. Kimezikwa chini sana kiasi kwamba ni vigumu kifikiwe. Kama nafasi ya pili na ya nne sasa zina bei, kigezo hicho kipandishwe hadi cha kwanza, ikiwezekana kikiondolewa pointi ambazo timu yenyewe iliwapa wapinzani. Msimu wa 2024/25 Barcelona, Arsenal na Inter, waliofungana kwa pointi 19, wangepangwa kwa uzito wa wanane waliocheza nao: Arsenal wa pili, Barcelona wa tatu, Inter wa nne. Mtu wa Barcelona atakasirika, na wa Dinamo Zagreb, aliyefungwa tisa na Bayern wakati Brugge hawakupangiwa Bayern, ataomba hesabu hiyo ifike hadi nafasi ya 24.